Inageuka, Haiwaki

Gisenyi, 4 Agosti 2025

Shemeji Straton,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo hii, ambayo ukipanda juu ya paa la karakana yako unaiona lakini huwezi kuikanyaga. Languida amekubali kutubebea barua. Anavuka kila asubuhi na beseni lake la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kuja kuuza huko Goma, anarudi alasiri, na anasema karatasi haiongezi uzito. Basi mpaka hao wenye bunduki waliokunyang'anya simu na kitambulisho watakapokuonea huruma, tutaandikiana kama wazee wetu.

Mkeo Iriza hajambo. Mdogo wangu huyu tumbo limekuwa kubwa kweli, mwezi wa nane, anatembea ameshika kiuno kama chifu. Siku ile mpakani uliniambia, "Yaya," yaani dada, "minakupa watu wawili." Sijasahau. Anakula vizuri, na analala chumba cha mbele chenye dirisha la ziwani, kama nilivyokuahidi.

Shida yangu ni skuta. Mume wangu Callixte yuko safarini na lori lake, Dar es Salaam, na ameniachia ile skuta ndogo. Uchungu ukimshika Iriza usiku au alfajiri, hiyo ndiyo itakayotushusha hospitali, maana saa hizo pikipiki za abiria hazipandi huku kwetu. Sasa kila asubuhi naibonyeza, haiwaki. Naisukuma mpaka barabarani, jua likipanda kidogo inawaka bila maneno. Taa zake pia zimefifia. Naona betri imezeeka. Nimesikia siku hizi kuna betri ndogo za lithium, nyepesi, zinadumu. Wewe ndiye fundi, nichagulie. Nakuomba usichelewe, tumbo halina subira.

Shemeji yako,
Umurerwa


Goma, 5/8/2025

Yaya Umurerwa,

Barua yako ilifika na harufu ya sambaza, niliisoma mara mbili, na Iriza nilimuona mbele yangu kabisa na ile kiuno yake. Aksanti kwa kumuchunga. Huku nalala karakana, kazi iko kidogo, ya mengine tutaongea siku tutaonana.

Bon, betri. Usikimbilie soko! Lithium iko namna mingi. Iko zile wanatengenezaka na mabetri ya zamani ya ordinateur, kompyuta, wanafunga na scotch, wanabandika karatasi mupya juu, wanakuambia inatoka Ulaya. Ile hapana, itawachomea nyumba. Iko ingine ya lithium fer, ile haina hasira. Njo minataka kwa skuta yenu.

Donc mbele ya kuchagua unijibu. Pima kisanduku ya betri na rula: urefu, upana, kimo. Angalia plus iko kushoto ao kuume, juu waya za skuta ni fupi, haziwezi kuvutwa. Halafu fundi wako apime courant ya kuchaji wakati moteur inazunguka. Ikipita volts quatorze et demi, kumi na ine na nusu, tuache, itapika lithium kama maharage. Watu wanaangaliaka bei tu, hawapimi, kiisha wanalaumu betri.

Na uniambie kweli, Iriza analalaka muzuri?

Straton


Gisenyi, 8 Agosti 2025

Shemeji,

Vipimo hivi hapa. Urefu sentimita kumi na moja na nusu, upana saba, kimo kumi na tatu. Chanya iko kulia ukiwa umekaa kitini. Gad, fundi wa pikipiki pale stendi, amepima kuchaji, akapata kumi na nne na pointi mbili. Alipoona rula mkononi mwangu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hajawahi kuona mwanamke akipima betri kama anayeshona gauni. Nikamwambia shemeji yangu hanunui kwa macho.

Iriza analala vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Wasiwasi ni wangu mimi. Mabukwe, yaani mama mzazi wa Callixte, ameshuka kutoka Kanzenze kutibiwa macho, na macho yenyewe sijui yana ugonjwa gani, kwani chumvi ikizidi anaiona kabla hajaionja. Anasali kwa sauti saa kumi ya alfajiri. Anapanga upya vyombo vyangu. Jana kanifundisha kuosha viazi, mimi mwenye umri huu! Nameza tu. Mke wa mtu ana tumbo kubwa la kumezea kuliko la mjamzito.

Skuta bado inanisumbua asubuhi. Fanya haraka, tafadhali.

Umurerwa


Goma, 11/8/2025

Yaya,

Betri njo hii. Niliona mbili. Ya kwanza iliandikwa namba mukubwa kama ya camion, ya lori; nikauliza muuzaji ile namba inamaanisha nini, akaanza kuangalia plafond kule juu. Nikaiweka chini. Hii ingine iko na namba ndogo lakini ya kweli, plus iko kuume kama ulisema, na ni mwepesi kuliko kilo ya sukari. Itabakia na nafasi ndani ya kisanduku, nimeweka kipande ya mousse ya godoro, Gad aifunge isirukeruke.

Asiichaji hata siku moja na mashine ya betri za acide. Na asubui, juu lithium inakuwaka mulegevu kwa baridi, washa taa kwanza, hesabu polepole mpaka soixante, njo ubonyeze starter.

Niliicharge mwenyewe, niliilaza pembeni ya kichwa yangu kama mutoto. Sina kingine ya kumutumia Iriza.

Mama ya Callixte amekuja? Sasa analala wapi, na nyumba yenu ni ndogo?

Straton


Gisenyi, 14 Agosti 2025

Shemeji Straton,

Betri ilifika chini ya samaki, nimeifuta kwa limau. Gad ameifunga, taa zimekuwa kali mpaka majirani wameuliza kama tumenunua nyingine. Jumanne mchana nimezunguka nayo mji mzima nikikusifu.

Sifa zangu nimezila asubuhi ya leo. Nimewasha taa, nimehesabu mpaka sitini, nimebonyeza. Inageuka kwa nguvu zake zote, rrrr, rrrr, inageuka lakini haiwaki! Nimejaribu mpaka jasho limenitoka. Nimeisukuma hadi barabarani, nikangoja, ikawaka. Ni yaleyale ya betri ya zamani. Sikiliza shemeji, sisemi umedanganya, ila labda waliokuuzia wamekupiga. Hapa nina mjamzito anayekaribia siku zake na chombo kinachoamka saa tatu kama bosi. Utanisamehe, nimekasirika.

Na nyumbani kumechafuka. Jana mezani mabukwe kamwangalia Iriza akiongeza ubwabwa, akasema, "Nyumba ya mwanangu imegeuka kambi?" Kambi! Kwa sisi tuliozaliwa Tanzania, ambao mama yetu alitubeba kambi hadi kambi ya wakimbizi! Nimemjibu maneno ambayo mkamwana hamjibu mavyaa wake. Tangu hapo hatusemeshani. Chakula namwekea mezani naondoka. Akipita huku mimi napita kule.

Umurerwa


Goma, 16/8/2025

Yaya,

Uliniumiza, lakini tuache. Mi siuzi betri, mi namuchaguliaka mutoto yangu njia ya kufika hospitali. Ungelijua hivyo.

Sasa usikie. Tangu mwanzo ulisema tu "haiwaki". Hukusema inageuka. Kama starter inageuka na nguvu, betri imemaliza kazi yake! Moteur inataka vitu tatu: moto ya bougie, essence, na hewa. Gad aje asubui yenyewe, palepale skuta inalalaka, asiisukume kwanza. Atoe bougie aone kama inatoa moto. Aone essence. Aone filtre ya hewa kama panya haikujenga ndani.

Na skuta inalalaka wapi? Nilikuuliza mama ya Callixte analala wapi, hukunijibu. Languida anasema aliona Iriza juzi asubui kwa geti, uso iko ya majivu, amejishikiza kwa ukuta. Wewe unaniandikia "analala vizuri". Yaya, niko mbali, sina simu, sina kitambulisho, niko na barua yako tu. Usinifiche.

Straton


Gisenyi, 19 Agosti 2025

Shemeji yangu,

Nisamehe kwa ile barua yangu. Unisamehe na hii pia.

Chumba cha mbele analala mabukwe. Siku aliyofika aliweka mzigo wake kitandani bila kuuliza, na kwa desturi yetu mkamwana hamwambii mavyaa pa kulala. Iriza akasema, "Dada, usigombane kwa ajili yangu," akachukua godoro lake akashuka. Kuna ule uwanja wa chini, unakumbuka, ambao Callixte alichimba kwenye mwamba nyuma ya nyumba akajenga stoo. Unashuka kwa ngazi, pembeni kuna mteremko mwembamba wa kusukumia skuta, umezungukwa na ukuta pande zote kama birika. Skuta nayo inalala hapohapo, mbele ya mlango wa Iriza. Nilishindwa kukuambia kwa sababu nilikuahidi dirisha la ziwani. Nimeona aibu, hiyo ndiyo kweli.

Stoo nimeisafisha. Sakafu ina ufa toka matetemeko ya mwaka ule volkano ilipolipuka, nimeufunika kwa mkeka. Kwa ajili ya unyevu nimeinua kitanda chake juu ya matofali, sasa anapanda kama anapanda lori.

Gad amekuja leo alfajiri, jua halijatoka. Plagi inatoa moto. Petroli ipo. Chujio la hewa ni safi. Inageuka, haiwaki. Gad kachuchumaa kando yake kufikiri, akataka kuwasha sigara, kiberiti chake cha gesi kikagoma. Akapanda ngazi mbili tatu, kikawaka. Akashuka, kikazimika! Tumecheka, akasema hata kiberiti kimemwogopa mabukwe. Na kweli siku hizi sipiki tena huko chini, jiko la makaa halishiki asubuhi. Kuku wangu wawili nao nimewakuta wamelala miguu juu pale kwenye ngazi ya mwisho, nikamlaani jirani, nikidhani kawatilia sumu.

Kuhusu Iriza, nitasema yote. Akiamka kichwa kinamgonga, anahema kama aliyekimbia, mara nyingine anatapika. Ikifika saa nne amepona. Muuguzi alisema ni mimba. Iriza alinisihi nisikuandikie, maana ungejaribu kuvuka bila karatasi wakakukamata.

Gad anasema tubadilishe kabureta. Wewe unaonaje?

Umurerwa


Goma, 20/8/2025

Yaya,

Haiko carburateur. Haiko betri. Hii barua Languida ataikupa mkononi leo, nimemwambia aache samaki arudi mbele ya saa yake. Nilijaribu simu ya jirani yangu Vénuste, réseau imekatika tangu jana.

Huku Goma tunaitaka mazuku. Ni hewa mubaya inapanda kutoka ndani ya udongo ya volcan. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa yetu, inakaa chini mahali pa shimo kama maji ndani ya beseni. Usiku bila upepo inajaa. Jua ikipanda na upepo ya ziwa ikipiga, inatawanyika. Moteur inataka kupumua kama mutu, njo maana haiwaki palepale na inawaka kwa barabara. Njo ilizima briquet ya Gad. Njo iliua kuku. Na njo hewa bibi yangu Iriza anavuta kila usiku na mutoto ndani.

Yale matofali uliweka njo yalimuokoa. Mutu akilala chini pale, usiku ambao hakuna upepo, hataamuka. Mi nilibebaka watu wa vile, nilikuwa kijana, mama na watoto, wamelala tu kama vile wako usingizini.

Toa Iriza leo, mbele ya giza. Usiseme kesho. Ambia watu WOTE wa nyumba, mama ya Callixte, hata mugeni: mutu asishuke kule usiku. Hata kuchukua kitu. Nakuomba, Yaya. Nakuomba na mikono mbili.

Straton


Gisenyi, 21 Agosti 2025

Straton,

Iriza yu mzima, mtoto anacheza tumboni. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalotafuta kwanza.

Mabukwe amefariki. Tumemkuta asubuhi kwenye stoo ya chini, amelala kwenye mkeka, ameshika rozari. Kulikuwa kimya usiku kucha, hata jani halikutikisika.

Usiniulize zaidi kwa sasa. Callixte anakuja.

Umurerwa


Gisenyi, hospitalini, 26 Agosti 2025

Straton wangu,

Umepata binti. Ana kilo tatu kasoro, ana paji lako la uso, maskini. Alikuja juzi alfajiri. Skuta tulishaipandisha barabarani tangu msiba; dada alibonyeza mara moja ikawaka, akanishusha taratibu, mimi nyuma nimemkumbatia na kulia. Sikulia kwa uchungu peke yake.

Nataka nikuambie juu ya mama yake Callixte, kwa sababu watu wanasema alishuka kule kwa kuchanganyikiwa na uzee. Si kweli. Alichanganyikiwa nini? Siku ile ya Jumatano mchana alinikuta natapika nyuma ya tangi la maji. Alinifuta mdomo kwa kitenge chake, akanishika mkono akanipandisha mpaka chumba cha mbele, akakunja blanketi lake. "Lala hapa. Mimi mgongo wangu unapenda chini." Nilimwambia, mama, tulale wote, kitanda ni kipana. Akacheka. "Ninakoroma, nitamwamsha mjukuu." Alisema mjukuu, Straton. Na neno lile la kambi, aliniambia mwenyewe kwamba lilimtoka kwa hasira za macho, kwa sababu daktari alikuwa amemwambia hayatapona, na kwamba yeye pia aliwahi kulala kambini akiwa na Callixte mgongoni.

Nikamwuliza kama nimwambie dada. Akasema, "Usimwambie, atadhani nimemwomba msamaha." Nikakubali. Nikalala saa hiyohiyo, ulikuwa usingizi wangu wa kwanza mzuri tangu nivuke. Nilipoamka watu walikuwa wanapiga kelele chini.

Dada amewaeleza waombolezaji kwamba barua yako ya onyo ililetwa asubuhi, tulipokuwa tumeshachelewa. Tangu siku hiyo hali chakula, hanitazami usoni. Ananiosha, ananipikia uji, ananibebea mtoto, lakini hanitazami. Mwandikie neno la kumtuliza. Wewe anakusikiliza.

Mkeo,
Iriza


Gisenyi, 30 Agosti 2025

Ndugu yangu Straton,

Mimi si mtu wa kuandika, nimezoea usukani. Simu ya msiba ilinikuta Morogoro, nikaacha lori kwa mwenzangu. Mama tumemzika Kanzenze, juu, kwenye shamba lake la viazi. Watu walijaa. Ungeweza kuvuka ungekuwepo, nalijua hilo.

Nimesoma barua yako, ile ya mazuku. Mke wangu alinipa mwenyewe. Nakushukuru. Uliko huna simu, huna karatasi, na bado uliijua nyumba yangu kuliko mimi niliyeichimba. Mimi ndiye niliyepiga sururu pale, Straton. Nilitaka mahali pa kuegesha, nikachimba kaburi la mama.

Nakuomba kitu kimoja. Usijilaumu kwamba barua ilichelewa. Ungejua siku moja mapema ungeandika siku moja mapema. Ni usiku mmoja tu umetupita, na usiku ni wa Mungu. Umurerwa naye anajilaumu bure, hali chochote. Namwambia, ulikuwa huna habari, utajilaumuje?

Shimo nimelijaza mawe mpaka juu. Mbatizeni mtoto mkiwa pamoja.

Callixte


Goma, 1/9/2025

Yaya Umurerwa,

Nilikuwa nimeshika kalamu kumujibu bwana yako, nikaiweka chini. Nikaishika tena. Kutwa nzima.

Languida alikuja tarehe 21 asubui, mbele habari haijafika huku, akaniambia: "Nilimupatia mkononi jana, jua bado iko juu ya ziwa, aliisoma kwa geti, akakimbia ndani." Nilimununulia soda kwa furaha. Nilisema, Mungu iko. Kiisha barua yako ikafika, nikasoma "Iriza yu mzima", na Yaya, mi nilishukuru. Nilishukuru mbele ya kusikitikia mama ya watu. Hiyo njo zambi yangu, nitaibeba mwenyewe.

Sitakulaumu. Ulinichungia watu wawili na sasa wako wawili kweli, naambiwa wa pili iko na paji langu. Nitakufa na deni ya asante kwako. Lakini Callixte ananiambia nisijilaumu juu barua ilichelewa. Nimuandikie nini? Nimuambie asante? Nikisema asante, nimedanganya mufiwa. Nikisema kweli, nimekuuza.

Nakurudishia barua yake ndani ya hii. Mi siwezi kuijibu. Jibu wewe.

Ndugu yako,
Straton


Gisenyi, 2 Septemba 2025

Callixte mume wangu,

Wewe uko chumba cha mbele, nasikia kitanda kikilia ukigeuka, na mimi niko jikoni nakuandikia kama uko Dar. Nimejaribu kusema kwa mdomo toka siku uliyofika. Mdomo umekataa.

Barua ya Straton haikufika asubuhi. Ilifika alasiri ya jana yake, jua halijazama, mama yako akiwa hai.

Niliisoma getini nikakimbia chini, miguu haigusi ngazi. Kitanda cha Iriza kilikuwa kitupu. Nikapanda nikamkuta chumba cha mbele, amelala fofofo, amefunikwa blanketi la mama. Nikaelewa kwamba mama amempisha. Nilitakiwa kufurahi, na nilifurahi kwa ajili ya mdogo wangu, lakini kuna kitu kilinichoma. Alikuwa amefanya kwa mkono mmoja lile ambalo mimi niliogopa kulifanya wiki mbili nzima. Nikajisemea watalala wote wawili, kitanda ni kikubwa. Kwenda kumwuliza, hapana. Ningemwuliza ningelazimika kumshukuru, na kumweleza kwa nini nilimlaza mjamzito shimoni. Nikasema kesho. Straton aliandika nisiseme kesho, na nilikuwa nimeshaisoma hiyo sentensi.

Sikujua kwamba atashuka, naapa. Lakini kujua ilikuwa kazi ndogo tu, kuuliza swali moja, na sikuliuliza.

Mama alikuwa hapa jikoni, kwenye kigoda hiki nilichokalia, anachambua maharage kwa vidole kwa sababu macho hayaoni. Nikapita mbele yake na barua mkononi. Alisikia karatasi. Siku saba hatujasemeshana, na yeye ndiye aliyeanza. Akainua uso, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, ni habari za Goma? Wako salama?"

Nikamjibu, "Ni mambo ya betri tu."

Umurerwa